Printa Iliandika Jina Lake, Nikaipa Mia

Maalim alikuja baada ya sala ya alasiri, akaketi barazani pembeni kama kawaida yake, akatoa mfukoni mwa kanzu karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua. Ilikuwa moja ya zile 40 nilizomchapia wiki iliyotangulia kwa ajili ya watoto wake wa madrasa wanaoanza alifu: herufi kubwa kubwa za Kiarabu, irabu juu na chini, mistari kumi na miwili kwa ukurasa.

"Mwalimu," akasema, "hii be haina nukta."

Niliitazama kwa mbali, bila miwani, nikamjibu kuwa nukta ipo, labda imefifia tu kwa kukunjwa. Akanyamaza. Nami, kwa kuwa sipendi mtu aondoke barazani kwangu akiwa na shaka na kazi yangu, nikaingia ndani, nikawasha kompyuta na printa, nikaagiza ukurasa wa majaribio. Ulitoka baada ya muda mfupi, safi, nembo yake ikiwa na rangi zote, maandishi yake yamekaa wima kama askari wa gwaride. Nikamletea huku wino bado unang'aa.

"Tazama, Maalim. Printa ni nzima."

Aliutazama ukurasa ule, akaugeuza nyuma, akaurudisha kwangu kwa mikono miwili.

"Ni nzima kweli," akasema. "Basi labda ni macho ya watoto."

Hakutabasamu aliposema hivyo. Alinishukuru kwa kahawa, akaniombea dua, akaondoka na karatasi yake.

Maneno hayo yamekaa nami majuma sita.

## Macho ya watoto

Anayejua mapokeo ya watu wa pwani atanielewa: mtu wa Tanga akitaka kukwambia umekosea, anaweza kukwambia kuwa umepatia. Nilikaa na ukurasa wangu mzuri mkononi mpaka magharibi, nikijua kuwa nimeambiwa jambo, na nikijua pia kuwa ushahidi uko upande wangu. Hali hiyo ni mbaya kuliko kushindwa waziwazi.

Usiku nilivaa miwani. Maalim alikuwa ameondoka na karatasi yake, kwa hiyo nikachapa nyingine kutoka faili lile lile, kwa mipangilio ile ile niliyotumia siku ile. Nikaiweka chini ya taa.

Nukta haikuwapo.

Haikuwa imefifia, wala haikuwa imeliwa na mkunjo. Katika mstari wa tatu, chini ya kila be, palikuwa peupe, na kasra, vile vistari vya irabu ya i, zilizopaswa kulala chini ya herufi zote za mstari ule zilikuwa zimepotea zote, kuanzia ukingo wa kulia hadi wa kushoto, kana kwamba mtu amepitisha kifutio chembamba kwa rula. Nilipotafuta zaidi niliuona ufa ule ule mweupe ukijirudia mahali pengi kwenye ukurasa. Lakini mahali pengine ulipita katikati ya tumbo la herufi, na pengine ulipita katika nafasi tupu kati ya mstari na mstari, ambako hapakuwa na cha kupoteza. Ndiyo maana sikuuona mapema. Jicho la mtu anayejua kusoma hulishona tumbo la herufi lililochanika bila hata kuuliza, na mimi nimesoma kwa zaidi ya miaka hamsini.

Mtoto wa alifu hana uzi wa kushonea. Be bila nukta ni sahani tupu. Ukiiwekea nukta moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the. Na mwanzoni mwa neno, hata nuni na ye huvaa umbo lile lile. Mtoto aliyeletewa sahani tupu na kuambiwa asome ana njia mbili tu: abahatishe, au aseme haina kitu. Watoto wa Maalim walikuwa wamesema haina kitu. Walikuwa ndio wasomaji pekee wa karatasi ile waliosoma kilichoandikwa.

Nikaweka kurasa mbili ubavu kwa ubavu. Zote zilitoka kwenye printa moja, kwa wino mmoja, siku moja. Moja ilikuwa haina dosari hata ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, na nyingine ilikuwa imepoteza irabu za mstari mzima.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza siku nilipoinunua printa: ukurasa wa majaribio hujaribu nini hasa?

## Jina, shule, namba ya mtihani

Niliusoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza. Nasema niliusoma, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nauangalia tu, kama mtu anavyoangalia rangi ya chai kujua imekolea.

Hakuna mengi. Juu kuna nembo ya Windows. Chini yake kuna jina la printa, jina la kompyuta, mlango ambao waya umechomekwa, jina la draiva, yaani ile programu inayotafsiri maneno ya kompyuta yawe maagizo ya printa, na toleo la draiva hiyo. Wenye kukumbuka Windows ya zamani, ile ya XP, watakumbuka kuwa ukurasa wake ulianza kwa pongezi, kwamba ikiwa unaweza kusoma maelezo haya basi umesakinisha printa yako sawasawa. Nilipokuwa kazini nilizipenda sana pongezi hizo. Sikuwahi kuona kuwa zimesema kila kitu: ikiwa unaweza kusoma. Ukurasa huo hauulizi kama utasomeka na mtoto wa miaka sita, wala kama nukta zimetimia. Unauliza kama habari imetoka kwenye kompyuta, ikapita kwenye waya, ikaeleweka upande wa pili. Ukishaweza kuusoma, swali lake limejibiwa.

Nimesahihisha mitihani karibu maisha yangu yote ya kazi. Mwanafunzi akifika chumba cha mtihani, jambo la kwanza ni kujaza jina, shule na namba yake juu ya karatasi. Wapo wanaoyaandika hayo kwa mwandiko wa kupendeza kiasi kwamba msahihishaji huanza na moyo mwepesi. Lakini hakuna aliyewahi kupewa alama kwa jina lake.

Printa yangu ilikuwa imeandika jina lake kwa mwandiko mzuri, nami nikaipa mia. Kisha nikachukua hiyo mia nikamwonyesha mzazi.

## Barabara ya 12

Siku ya tatu niliifunga printa kwa kanga, nikapanda bajaji kutoka Makorora hadi Ngamiani, kwa fundi mmoja aliyeko barabara ya 12. Duka lake ni upana wa mlango na nusu, na kila kilichomo ndani yake kimefunguliwa tumbo. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Nikamwekea mezani kurasa zote mbili, nikaanza kumweleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ushahidi.

Akauchukua ule mzuri kwanza.

"Mama, huu ni ukurasa wa kompyuta," akasema. "Wa printa uko wapi?"

Sikuwa najua kuwa ipo tofauti. Alichomoa waya wa kompyuta kabisa, akauweka kando nje ya meza, nadhani kwa makusudi, ili nione. Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja wakati wa kuiwasha, akavishikilia, akaachia. Printa ikaguna, ikavuta karatasi, ikachapa peke yake bila ya kuambiwa lolote na kompyuta.

Ukurasa ule haukuwa na uzuri wowote. Ulikuwa na makundi manne ya vistari vifupi vilivyopangwa kwa kushuka kama ngazi: kundi jeusi, la samawati, la majenta na la manjano. Karatasi iliyobaki ilikuwa tupu.

Akanieleza kuwa kila kistari kimechorwa na kitundu kimoja cha kichwa cha kuchapia. Kistari kikiwapo, kitundu kinapumua. Kisipokuwapo, kimeziba. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye ngazi nyeusi, akashuka nayo polepole, mpaka mahali ngazi ilipokatika. Vidato vinne vilivyofuatana havikuwapo.

"Nukta za Maalim wako ndizo hizi hapa."

Kisha akaniambia jambo ambalo naona lingestahili kuandikwa nje ya kila boksi la printa. Kurasa hizi mbili ni njia panda. Ule wa printa yenyewe ukitoka mzima na ule wa kompyuta ukitoka mbovu, usiiguse printa. Tafuta kwenye waya, draiva au mipangilio. Wa printa ukitoka mbovu, kompyuta haina kesi. Mtu mwenye ukurasa mmoja tu amesimama kwenye njia panda akiwa amefumba jicho moja, na kwa uzoefu wake, wateja wengi hufumba lile ambalo lingewaokoa nauli.

Bado sikuridhika. Ikiwa vitundu vinne vimeziba, kwa nini ukurasa wa kompyuta ulitoka mzima?

## Kupita mara moja

Jibu la swali hilo lilinichukua muda kulimeza, kwa sababu lilinirudisha kwenye ubahili wangu mwenyewe.

Kichwa cha kuchapia husafiri kulia na kushoto juu ya karatasi kikinyunyiza wino. Ukichapa kwa ubora wa kawaida, karatasi husogezwa mbele kidogo kidogo, na sehemu moja ya karatasi hupitiwa zaidi ya mara moja, kila mara na vitundu tofauti. Kitundu kilichoziba kikiacha pengo katika safari ya kwanza, kitundu kingine hulifunika katika safari ya pili. Jirani anamfichia jirani. Ukichapa kwa hali ya rasimu, ile ya haraka na ya kubana wino, kichwa hupita mara moja tu na karatasi inasogezwa kwa upana wote wa kichwa. Hapo hakuna wa kumfichia mwenzake.

Nilirudi nyumbani nikachukua rula. Kwenye karatasi ya watoto, kutoka ufa mweupe mmoja hadi mwingine palikuwa na sentimita mbili na nusu, kila mahali, bila kupungua wala kuzidi kwa kiasi cha kuonekana. Hiyo ni inchi moja, milimita 25.4, na ndio urefu wa safu ya vitundu vyeusi katika printa yangu, vitundu 180. Kitundu kimoja basi kinamiliki milimita 0.14 ya karatasi, na vinne vinamiliki zaidi kidogo ya nusu milimita. Kasra ya maandishi yangu ilikuwa nyembamba kuliko hapo. Nukta ya be ilikuwa nene kidogo, na kweli, nilipoitafuta kwa kioo cha kukuzia, chini ya be mbili za mwisho kulikuwa na utando mwembamba mweusi kama kucha iliyokatwa.

Kwa hiyo kila ukurasa ulikuwa umesema kweli. Nilichapa kazi ya Maalim kwa rasimu ili nibane wino, kwa sababu zilikuwa karatasi 40 na sikutaka kumtoza chochote. Kisha nikaijaribu printa kwa ubora wa kawaida, kwa sababu ndivyo inavyokuwa usipogusa kitu. Niliijaribu katika hali ya raha nikaitumia katika hali ya dhiki, na nilipoulizwa nikatoa majibu ya raha.

Sidhani kuwa nilidanganya. Lakini nimejaribu mara kadhaa kuieleza nafsi yangu tofauti iliyopo, na kila mara maelezo yananitoka marefu mno.

## "Mama, unaizimaje?"

Fundi aliniuliza swali hilo huku ananifungia printa yangu kwenye kanga, na nililijibu kwa fahari. Nikamwambia kuwa mimi ni mwangalifu. Karatasi ya mwisho ikidondoka tu, nanyoosha mkono nazima kwenye soketi ya ukutani, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu huunguza vitu, na nimeshazika friji moja kwa namna hiyo.

Alicheka mpaka akaweka kanga chini.

Printa ya wino ina mahali pa kulalia. Upande wa kulia, ndani, kuna kifuniko cha mpira, na kichwa kikimaliza kazi hurudi hapo kikajifunika ili wino ulio kwenye midomo ya vitundu usikauke. Ukiizima kwa kitufe chake, utaisikia inakoroma kwa sekunde chache kabla taa haijazimika. Nilikuwa naufahamu mlio huo na nilikuwa nauchukia, nikiuona kama ukaidi wa mashine isiyotaka kulala. Kumbe ndiyo ilikuwa inatafuta shuka. Mimi nilikuwa nazima ukutani kabla haijajifunika, na kichwa kinabaki mdomo wazi usiku kucha, katika nyumba ambayo madirisha hayafungwi na vumbi la barabara linaingia bila hodi.

Isitoshe, kulikuwa na siku umeme ulikatika katikati ya karatasi za Maalim, nadhani kwenye ya kumi na tano au ya kumi na sita. Uliporudi asubuhi yake nikaendelea na kazi bila kuchungulia chochote. Kama ningezikagua zile 40 kwa kufuatana, huenda ningeona mahali hasa ufa ulipoanza. Sikuzikagua. Nilihesabu idadi.

Usafishaji ulikuwa mfupi kuliko maelezo yake. Printa husafishwa kwa kuvuta wino kwa nguvu kupitia vitundu, na wino huo hauendi kwenye karatasi. Unamwagwa kwenye sponji iliyoko chini ya mashine. Baada ya mara ya kwanza vidato viwili vilirudi. Baada ya mara ya pili kikarudi cha tatu. Nilitaka ya tatu hapo hapo, fundi akanizuia: sponji hujaa, printa inaihesabu, na siku moja itagoma kuchapa mpaka ibadilishwe. Iache ilale, wino mpya ulainishe uliokauka. Nikailaza usiku kucha, safari hii kwa kitufe chake, nikisikiliza ukoromaji wote mpaka mwisho.

Asubuhi ngazi ilikuwa kamili.

## Chumba cha nyuzi 23

Baada ya hapo nilianza kutilia shaka kila kitu, hata boksi. Boksi la printa yangu limeandikwa idadi ya kurasa ambazo chupa moja ya wino itachapa, na kwa muda mrefu niliichukulia kama uongo wa kibiashara, kwa kuwa sijawahi kuifikia hata nusu. Si uongo. Vipo viwango vya kimataifa vya kupimia mambo hayo: ISO/IEC 24711 inaeleza namna ya kupima katriji, yaani visanduku vya wino, za printa za aina hii, na ISO/IEC 24712 ina kurasa zenyewe za kipimo, tano, zenye maandishi, picha na rangi. Huchapwa kwa mfululizo mpaka wino uishe, katika chumba kilichodhibitiwa, chenye joto la takriban nyuzi 23.

Nyuzi 23! Mwezi Machi hapa Makorora tunalala na nyuzi zaidi ya hizo. Na unyevu je? Wakati wa masika rimu iliyofunguliwa haimalizi siku tatu kabla kingo za karatasi hazijaanza kupinda kama mkate wa mofa, na wino ukidondoka juu yake hutambaa, mpaka nukta mbili za te zinashikana mikono. Siku hizi karatasi zangu zinakaa kwenye ndoo ya unga yenye mfuniko, pamoja na vijifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu nilivyokuwa navikuta ndani ya maboksi ya viatu na kuvitupa.

Tena wale hawapumziki. Wanachapa mpaka wino uishe. Mimi nachapa karatasi tatu Jumatatu, barua ya jirani Alhamisi, kisha siku tisa kimya, na katika siku hizo tisa wino unakauka mdomoni, na kuusafisha kunakula wino ambao hautaonekana kwenye ukurasa wowote. Siwalaumu wenye kipimo. Kipimo chao kimetengenezwa ili printa moja ilinganishwe na nyingine kwa haki, na kwa kazi hiyo kinafaa. Haikuwa kazi yao kunijulisha habari za nyumbani kwangu.

## Kutunga mtihani

Jioni moja nilikaa nikatunga ukurasa wangu wa majaribio, na nakiri kuwa sijafurahia kutunga mtihani kiasi hicho tangu nistaafu.

Juu niliweka mstari wa Kiswahili kwa herufi ndogo kabisa ninazotumia, zile za maelekezo chini ya mitihani ya majirani. Kisha be, te, the, nuni, ye, pamoja na irabu zote tatu, zikijirudia ukurasa mzima bila kuacha nafasi kubwa tupu, kwa sababu ufa unaojirudia kila inchi hauna madhara ukiangukia penye nafasi, na mimi nataka kila mahali pawe na kitu cha kupotea. Nikachora mstari mwembamba wa mshazari kutoka pembe hadi pembe. Huu ndio ninaouamini kuliko vyote: mstari wa kulala unaweza kupotea mzima usijue kuwa ulikuwapo, lakini mshazari ukikosa kipande, pengo linaonekana hata na mtu aliyesimama mlangoni. Kwenye ukingo nikaweka jedwali la mistari ya wima, kwa kuwa kichwa kikichapa kwenda na kurudi bila kulingana, mistari ya wima huvunjika kiuno. Chini kabisa, vipande vinne vya rangi na kimoja cha kijivu.

Nauchapa kwa rasimu, kwenye karatasi ile ile ya kazi, mara nyingi nyuma ya mtihani wa zamani.

Na kila mara naandika mahali na tarehe. Wazo hilo nililipata kwa Mmarekani Chester Carlson, aliyegundua namna ya kuchapa kwa unga na umeme tuli, ambayo ndiyo inayoendesha mashine za fotokopi na printa za leza. Jaribio lake lililofaulu, yeye na msaidizi wake Otto Kornei, lilikuwa bamba la zinki lililopakwa salfa, likasuguliwa kwa leso, likawekewa kioo chenye maandishi ya wino, likamulikwa taa kali, likanyunyiziwa unga, kisha maandishi yakahamishiwa kwenye karatasi ya nta. Maandishi yalikuwa haya tu: 10.-22.-38 ASTORIA. Tarehe, kwa mpangilio wa Wamarekani wanaotanguliza mwezi, na jina la mtaa wa New York alikokuwa amepanga chumba. Hapakuwa na nembo wala pongezi. Nimeanza kuona kuwa bila tarehe hiyo lingekuwa doa zuri tu kwenye karatasi. Ukurasa wa majaribio usio na tarehe hauwezi kulinganishwa na mwenzake, na printa haiharibiki kwa siku moja. Inaharibika kati ya ukurasa wa Ijumaa hii na ule wa Ijumaa ijayo.

Lakini shaka haijaniisha, na sitaki kujifanya imeniisha. Nimetunga mtihani baada ya kuyaona majibu. Ukurasa wangu unakamata kitundu kilichoziba kwa sababu kitundu kilichoziba ndicho kilichoniaibisha. Mwezi uliopita mipira ya kuvutia karatasi ilianza kuteleza, ikawa inavuta mbili mbili, na kazi ya jirani ikatoka na kurasa tupu katikati. Ukurasa wangu wa Ijumaa, kwa kuwa ni mmoja, ulikuwa unatoka vizuri kabisa. Niliutazama ukutani, mzuri, wenye tarehe, nikakumbuka ule niliomletea Maalim barazani wino ukiwa unang'aa.

Sasa nachapa nakala tano kwa mpigo. Mwanangu anasema nitamaliza wino kwa kuthibitisha kuwa upo.

## Karatasi 40

Nilizichapa upya karatasi za Maalim kwa ubora wa kawaida. Zilichukua muda mrefu, na nilizikagua moja moja, miwani usoni, kidole changu kikipita chini ya kila mstari. Mbili nilizitoa. Halafu nikazipeleka mwenyewe hadi madrasa, ingawa angeweza kumtuma mtoto, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo halikufaa kutumiwa mtoto.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, watoto wamemzunguka, sauti zao zimepishana kama ndege wa asubuhi. Akawanyamazisha. Tukaamkiana.

"Maalim," nikamwambia, "macho ya watoto yalikuwa mazima. Mimi ndiye niliyekuwa sioni."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekataa kupokea deni dogo. Kisha akaziangalia karatasi zilizokuwa mapajani mwangu.

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu."

"Kwa ukurasa upi?"

Nilikuwa nimekuja nao. Nikampa. Hakuusoma. Alimwita binti mdogo aliyeketi karibu na mlango, mwenye umri wa miaka sita hivi, akamwekea ukurasa mapajani, akamwambia aanze kwenye be. Mtoto akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, be fatha ba, be kasra bi, be dhumma bu, akashuka mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Kwenye wa tano akasimama. Akaisogeza karatasi karibu na macho, nami nikabana pumzi.

Kisha akaendelea.